Wakimbizi Waliogeuka Mawaziri: Baraza la 1979 na Somo Lake Kwetu

Hotuba ya Kamati ya Jumuiya ya Kambi, Siku ya Wakimbizi, 20 Juni

 

Kwanza tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa hai. Pili tunawashukuru akina mama walioamka usiku kuwasha majiko. Mwaka jana tulisema mpaka maharage yakapoa, na tulilaumiwa kwa haki. Leo hatutawachosha.

Vijana wa darasa la jioni walituuliza swali. Walisema: "Mbona wazee wengi wa hapa Koboko wanaijua Ingbokolo, Aru na Ariwara kama wanavyoijua mitaa yao? Walijifunza wapi Kilingala?" Tuliwajibu kwamba walijifunza kwetu, walipokuwa wakimbizi na sisi tulipokuwa wenyeji. Vijana wakauliza tena: "Walikimbia nini?" Hapo tulinyamaza kidogo, maana jibu ni refu. Tumeona jibu hilo liwe ndiyo hotuba ya leo, kwa sababu linatugusa sisi wenyewe, na linaigusa hata hii Kamati iliyosimama mbele yenu.

Tarehe yenyewe ina maneno. Tarehe 20 Juni 1974 ndipo Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliotiwa saini mwaka 1969, ulipoanza kufanya kazi. Kwa hiyo Afrika iliifanya siku hii kuwa ya wakimbizi, na tangu mwaka 2001 dunia nzima huiadhimisha. Lakini hapa Uganda tarehe hiyo hiyo, 20 Juni 1979, rais aliondolewa usiku kwa sababu ya ugomvi juu ya baraza lake la mawaziri. Rais huyo alikuwa ametoka ukimbizini. Mawaziri wake wengi walikuwa wametoka ukimbizini. Na waliomwondoa nao walikuwa wametoka ukimbizini.

Tuanze nyuma kidogo.

Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote, ambaye alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Amin alikuwa Mkakwa kwa baba yake, mtu wa upande huu wa Koboko. Siku chache baadaye alitangaza baraza la mawaziri, na watu wengi walilisifu. Karibu wote walikuwa raia, wasomi, watumishi wa serikali wenye ujuzi wa miaka mingi. Watu walisema: hii si serikali ya bunduki, hii ni serikali ya kalamu.

Lakini mawaziri wale waliingizwa jeshini kama maofisa wanafunzi, wakawa chini ya nidhamu ya kijeshi. Waziri alikuwa na gari na ofisi, ila mbele ya rais alikuwa kuruta. Mwaka 1973 mawaziri wote walipelekwa likizo kwa pamoja. Wengine walikimbia nchi, mmoja wao Edward Rugumayo, aliyekuwa Waziri wa Elimu, ambaye tutamkuta tena mbele. Wengine hawakuwahi kukimbia. Tarehe 16 Februari 1977 mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, waliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum. Basi orodha ya majina mazuri si kinga, ikiwa mwenye bunduki ni mmoja na hakuna wa kumwambia hapana.

Sasa tuje kwenye vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia Kagera, nchini Tanzania. Mwalimu Nyerere alitangaza vita mwanzoni mwa Novemba, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likavuka mpaka pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Kabla Kampala haijaanguka, Waganda hao waliitwa mjini Moshi. Walikutana tangu tarehe 24 hadi 26 Machi 1979. Walitoka Dar es Salaam, Nairobi, Lusaka, London na kwingineko, vyama na vikundi zaidi ya ishirini, kila kimoja na mwenyekiti wake na mhuri wake. Sisi wa kambini tunawaelewa vizuri watu hao. Ni watu waliokaa miaka wakingoja barua, wakigombana juu ya nani anamwakilisha nani, na kila mmoja akiamini kwamba nchi inamngoja yeye.

Pale Moshi waliunda umoja wao, UNLF. Mwenyekiti alichaguliwa Profesa Yusuf Lule, mzee msomi aliyewahi kuongoza Chuo Kikuu cha Makerere. Liliundwa pia Baraza la Ushauri la Taifa lenye wajumbe 30, na mwenyekiti wake akawa yule yule Rugumayo. Na iliundwa Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Siku mbili baadaye, tarehe 13 Aprili, Lule aliapishwa kuwa rais. Baraza lake lilikuwa na watu wa kila fikra: Muwanga, mtu wa Obote, katika Mambo ya Ndani, Otema Allimadi katika Mambo ya Nje, Dani Nabudere, mwanasheria wa mrengo wa kushoto, katika Sheria. Ulinzi Lule aliushika mwenyewe, na chini yake kama waziri wa nchi alikuwapo kijana aliyekuwa na kikosi chake katika vita, Yoweri Museveni. Kwa macho lilikuwa baraza la umoja. Watu wa Kampala walicheza barabarani.

Ndugu zetu, hebu tutazame baraza lile kama mama anavyotazama nyumba mpya kabla ya kuingiza watoto. Atauliza mambo matatu: nani yumo ndani, nani ana ufunguo, na paa likivuja nani ana ruhusa ya kulitengeneza.

Nani yumo ndani? Mkutano wa Moshi ulikuwa wa watu wa uhamishoni. Mkulima wa Masaka au wa Maracha aliyebaki nyumbani miaka yote minane hakuulizwa. Tena huku West Nile vita vilikuwa havijaisha. Wakati Lule anaapishwa, askari wa Amin walikuwa bado wanarudi nyuma kupitia Arua na Koboko kuelekea Sudan na Zaire. Majeshi ya Tanzania yalifika mpaka wa Sudan tarehe 3 Juni 1979. Kwa hiyo baraza lilikuwa limekwisha kukaa, na viti vimekwisha kugawanywa, kabla vita havijafika mwisho katika eneo hili. Na kwa midomo ya wengi eneo hili lilikuwa na jina moja tu: kwao Amin. Kana kwamba mama anayeuza mihogo sokoni Arua ndiye aliyekuwa rais.

Nani ana ufunguo? Bunduki hazikuwa mikononi mwa Lule. Kubwa zilikuwa za Watanzania. Za Waganda ziligawanyika: vijana waliomfuata David Oyite Ojok na Tito Okello, na vijana waliomfuata Museveni. Kila kikosi kiliandikisha watu wake kwa haraka. Rais alikuwa na kalamu na muhuri.

Na nani ana ruhusa ya kutengeneza paa? Hapo ndipo nyumba ilipopasuka. Lule alisema: mimi ni rais, katiba inanipa uwezo wa kuteua mawaziri. Baraza la Ushauri likasema: tulikubaliana Moshi kwamba uteuzi upitie kwetu. Mapatano ya Moshi yalifanywa kwa haraka, na kila upande uliyakumbuka kwa namna yake. Mwezi wa Juni Lule aliongeza mawaziri na kubadilisha wengine bila kuliuliza Baraza. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Juni wajumbe walimwita, wakamhoji, wakapiga kura, wakamwondoa. Alikuwa ametawala siku 68. Kampala watu waliandamana wakisema bila Lule hakuna kazi. Mahali pake akawekwa Godfrey Binaisa, mwanasheria aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali wakati wa Obote.

Binaisa naye alikuja na baraza lake, na maswali yale matatu yalibaki pale pale. Alimwondoa Museveni katika Ulinzi na kumpa wizara nyingine. Alimwondoa Muwanga katika Mambo ya Ndani. Mwisho, Mei 1980, alijaribu kumwondoa Oyite Ojok kwenye unadhimu mkuu wa jeshi. Hapo Tume ya Kijeshi ikasema basi. Binaisa alizuiliwa ndani ya Ikulu ya Entebbe, na nchi ikawa chini ya Tume, Muwanga mwenyekiti, Museveni makamu wake. Katika mwaka mmoja na mwezi mmoja tangu Kampala kuanguka, marais wawili walikuwa wameingia na kutoka, na ni wakimbizi wa jana waliokuwa wakiondoana.

Wazee wetu wa Koboko mlioko hapa mnajua sehemu inayofuata kuliko sisi. Mmetusimulia chini ya mwembe huu huu. Mmetuambia kwamba Watanzania walipofika mliwaogopa, maana Kiswahili hapa kilikuwa lugha ya kambi za jeshi, lugha ya kuamriwa, lakini askari wale waliwasalimu wazee kwa shikamoo. Mlikuwa hamjawahi kuamkiwa na askari mwenye bunduki. Mmetuambia pia kwamba hofu yenu kubwa ilikuwa siku watakapoondoka.

Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka wakashambulia Koboko, kisha Arua. Jeshi jipya la Uganda lilipokuja kujibu halikutafuta askari tu. Lililipiza kisasi kwa watu. Nyumba zilichomwa, mji wa Arua uliporwa, vijiji vikabaki na mbwa. Wakati nchi inapiga kura Desemba 1980, watu wengi wa hapa walikuwa wamekwisha kuvuka, wengine Sudan kupitia Kaya, wengine Zaire. Juni 1981 Watanzania wa mwisho waliondoka Uganda. Mwezi huo huo, tarehe 24, watu waliokimbilia misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, wakidhani kanisa litawalinda, walishambuliwa na askari, na makumi waliuawa. Waliokimbia mkoa huu walifikia mamia ya maelfu.

Wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini sisi tunaongeza: tembo wale walikuwa nyasi juzi tu. Ndilo jambo linalotuuma katika habari hii. Muwanga, Lule, Binaisa, Museveni, Ojok, wote walijua maana ya kulala nchi ya watu. Walijua kungoja. Walijua kuitwa wageni. Waliporudi na kukaa mezani, kila mmoja alihesabu watu wake, na aliyekuwa hana mtu mezani akavuka mpaka. Wakimbizi waligeuka mawaziri, na ugomvi wa mawaziri ukazaa wakimbizi wengine. Somo letu lote la leo ni hilo.

Basi watu wa West Nile walikuja kwetu. Baba zetu walikuwa na mashamba Aru na Ingbokolo. Walugbara na Wakakwa wako pande zote mbili, na wengi walipokewa kama ndugu, wakapewa mahali pa kulima. Hatusemi kila mmoja alipokewa vizuri. Wapo waliolimishwa kwa ujira wa sahani moja, na wapo walionyang'anywa baiskeli na askari wa nchi yetu. Leo wenyeji hawa hawatutajii sahani ile. Tunawashukuru kwa kunyamaza kwao.

Walianza kurudi kwa wingi baada ya Obote kuondolewa mara ya pili, tarehe 27 Julai 1985. Na hapa tena tazameni viti. Baraza la Kijeshi la Tito Okello, ambalo waziri mkuu wake wa kwanza alikuwa Muwanga yule yule, liliwaita wapiganaji wa West Nile waingie upande wake. Museveni alipochukua nchi tarehe 26 Januari 1986, Moses Ali, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Amin na kisha kiongozi wa wapiganaji msituni, alipewa uwaziri. Wengine walikasirika, wakisema vipi mtu wa Amin akae mezani? Lakini wazee wa hapa wanasema kwamba walipomsikia mtu wa West Nile akitajwa redioni kati ya mawaziri, ndipo walipofunga mizigo kurudi. Kiti kimoja hakikumaliza yote. Mapigano yalizuka tena miaka ya 1990, na mapatano na kundi la mwisho kubwa yalitiwa saini Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Lakini nyumba zilijengwa, na leo ndizo zinazotuzunguka.

Nasi Wakongo tusiwacheke Waganda. Tarehe 17 Mei 1997 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa, Mobutu amekwisha kukimbia. Siku chache baadaye baraza lilitangazwa. Étienne Tshisekedi, aliyempinga Mobutu miaka yote akiwa ndani ya nchi, hakuwemo. Bunduki nyingi zilikuwa za majirani waliomleta Kabila. Mwaka uliofuata, Agosti 1998, vita vikubwa vilianza, na ninyi mnajua vilituleta wapi. Mwaka 2003 wakubwa walijifunza kidogo, wakaunda serikali ya rais mmoja na makamu wanne, ili kila upande uwe na kiti. Hata hivyo vikundi vya Ituri havikuwa mezani, na mwaka ule ule Bunia ilizikwa kwa machozi. Aliyesahauliwa mezani hukumbukwa kwa moto.

Sasa ndugu, tuje nyumbani, maana kusema makosa ya marais ni rahisi.

Mnajua kwamba mwaka huu tulimwondoa mwenyekiti wetu wa zamani kwa sababu ya orodha ya turubai. Watu walitia saini, mkutano ukaitwa, akaondoka. Hatutarudia kesi ile. Lakini jioni ile ile sisi tulioko mbele yenu tulikaa tukaandika Kamati mpya. Tuliiandika kwa nusu saa. Mtaa wake, wenye kaya nyingi na wajane wengi, haukupata hata mjumbe mmoja. Hakuna aliyesema wazi kwamba tuwaache nje. Kila mmoja wetu alitaja mtu anayemwamini, na majina yakatosha. Funguo za bohari tulimpa mtu mmoja. Na hatukuandika popote namna ya kubadilisha mjumbe.

Matokeo mmeyaona. Mtaa ule hauji tena kwenye mikutano. Pampu ya maji ilipoharibika, walitengeneza upande wao wakaweka kufuli. Mwezi uliopita watoto wawili walipigana kwa madumu mpaka mmoja akashonwa kichwa. Tulipomuuliza mama wa yule aliyepiga, alituambia: "Ninyi mna Kamati yenu. Sisi tuna pampu yetu." Tulikwenda kulala na maneno hayo. Tulikuwa tumefanya Moshi yetu.

Kwa hiyo leo, mbele ya wenyeji wetu na komandanti wa kambi, Kamati inaleta mambo matatu. Hatuamui sisi. Mkutano huu ndio utakaoamua kwa kuinua mikono kabla ya chakula.

Kwanza, viti viwili vya Kamati vipewe mtaa ule, na wachague wenyewe. Tusiwachagulie mtu tunayempenda sisi.

Pili, bohari iwe na kufuli mbili na watu wawili, kila mmoja wa mtaa wake, asiweze mmoja kufungua peke yake.

Tatu, iandikwe katika daftari la mikutano, na isomwe kwa lugha zetu zote, kwamba mwenyekiti habadilishi mjumbe bila mkutano, wala mkutano haumwondoi mwenyekiti kwa usiku mmoja. Itangazwe wiki mbili kabla, na anayeshitakiwa asikilizwe mpaka amalize.

Wengine watasema tunamrudisha aliyekosa. Hapana. Aliyekosa ameondoka. Wajane wa mtaa wake hawakukosa. Lule, Binaisa na wenzao wangeulizwa leo, pengine wangesema maneno mengi ya kujitetea, kila mmoja na haki yake. Lakini aliyelipa ni mtu wa Koboko aliyevuka na godoro kichwani, asiyejua hata Moshi iko wapi.

Mzee wetu, mwenyekiti wa zamani, tunakuona pale nyuma karibu na jiko. Tumegombana nawe na huenda tutagombana tena. Lakini si vizuri ukae nyuma siku ya wakimbizi, nawe ni mkimbizi. Tunakuomba uje ukae hapa mbele na wazee wenzako. Kiti kipo.

Siku moja, Mungu akipenda, baadhi ya vijana hawa watarudi nyumbani, na pengine mmoja wao ataitwa kuketi kwenye meza kubwa. Kijana, siku hiyo kabla hujataja jina la rafiki yako, hesabu viti, kisha uulize ni nani amesimama nje.

 Sasa inueni mikono, halafu tule.